Madoa na Ufuaji wa Nguo za Mtoto Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mama, baba, bibi au dada wa kazi anapokaa mbele ya beseni la nguo za mtoto. Yanaanza na ya kawaida na kuishia na ya nadra. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwa namba. Mwenye haraka aanze na swali la 4, kwa sababu madoa mengi tunayoyaita sugu yamefanywa sugu na maji ya moto au Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe) iliyotangulizwa.

## Kabla ya kuloweka

1. Nguo ni mpya ya dukani, bado ina lebo. Lazima niifue kwanza?

Ndiyo. Nguo mpya huja na kemikali za kiwandani za kuifanya inyooke, rangi ya ziada, vumbi la ghala na jasho la mikono ya kila aliyeishika. Ifue mara moja kwa sabuni ya kawaida, isuuze vizuri, ianike. Kilebo cha shingoni kikate kabisa, maana kinakwaruza. Za mitumba zina utaratibu wake (swali la 23).

2. Lazima ninunue sabuni maalumu ya watoto?

Hapana. Kinachowasha ngozi ya mtoto mara nyingi ni manukato, pamoja na sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Sabuni ya mche au ya unga isiyo na harufu kali inatosha kabisa, na picha ya mtoto anayecheka kwenye pakiti huongeza bei kuliko inavyoongeza usafi.

Kazi iko kwenye kusuuza. Suuza maji mawili au matatu, kisha kamua nguo ndani ya beseni lenye maji safi. Maji yakitoa povu, au kitambaa kikiteleza mkononi, rudia. Mtoto mwenye ukurutu au anayetoka vipele kila akibadilishwa nguo, muondolee kwanza sabuni yenye manukato. Vipele visipopungua, mpeleke kliniki badala ya kuendelea kubadilisha sabuni.

3. Naweza kuzifua pamoja na nguo za wakubwa?

Unaweza, kama za wakubwa ni za nyumbani. Usichanganye na ovaroli ya gereji, nguo za wodini, wala nguo alizovaa mtu aliyepulizia dawa shambani. Hizo zifuliwe peke yake, na beseni lioshwe kabla halijarudi kwa mtoto.

4. Maji ya moto au ya baridi?

Ya baridi kwanza. Maziwa, matapishi, damu na choo vina protini, na protini ikipata moto huganda kwenye nyuzi kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Ukishailoweka nguo yenye maziwa kwenye maji yanayofuka, umelipika doa.

Mpangilio ni huu: maji ya baridi, kisha sabuni na muda wa kukaa, kisha maji ya uvuguvugu, kisha jua. Jik na maji yaliyochemka ni vya mwisho, na aghalabu hutavihitaji. Pasi isiguse nguo ambayo doa lake bado linaonekana. Mafuta ndiyo hayafuati mpangilio huu. Yako kwenye swali la 7.

## Madoa ya kila siku

5. Choo cha njano cha mtoto anayenyonya hakitoki. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mzazi mpya, na bahati nzuri ndilo lenye jibu la bei rahisi kuliko yote.

Kinyesi kitupe chooni. Geuza nguo ndani nje, mimina maji ya baridi kwa kata au bomba upande wa nyuma ya doa, ili maji yalisukume kutokea lilikoingilia. Ukimimina upande wa mbele unazidi kulizamisha. Paka sabuni ya mche mpaka doa lifunikwe na utando mweupe, kunja, acha nusu saa. Fikicha kitambaa kwa kitambaa, usitumie brashi, halafu suuza.

Kitakachobaki ni kivuli cha njano, na hapo ndipo wengi wanakosea kwa kuendelea kusugua hadi pamba inatoka manyoya. Acha. Anika nguo ikiwa mbichi, doa likitazama jua. Njano ile inatokana na nyongo, na rangi za nyongo huvunjwa na mwanga wa jua. Ikikauka kabla doa halijaisha, nyunyizia maji uiache tena. Kwa jua la saa sita la Dodoma au Mombasa, doa linalofika mbichi asubuhi mara nyingi halionekani jioni.

Choo cheusi cha siku za mwanzo kinanata kama lami na rangi yake ni ngumu zaidi. Siku hizo mvalishe vitambaa ambavyo havitakuuma roho. Choo cha mtoto wa maziwa ya kopo ni kizito na jua halikitoshi. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kumeng'enya protini.

6. Nilizihifadhi zikiwa safi kabisa. Nimezitoa kwa ajili ya mtoto wa pili, zina mabaka ya njano shingoni. Yametoka wapi?

Yalikuwepo. Mtoto akicheua, mafuta na protini za maziwa hubaki kwenye nyuzi bila rangi. Zikikaa miezi kabatini hukutana na hewa na kugeuka njano, kisha kahawia. Maziwa ya kopo huacha alama mbaya kuliko ya mama.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye unga wa kung'arisha wa oksijeni (soma pakiti, usiwe wa klorini), fua, kisha anika juani ikiwa mbichi. Mara nyingi mabaka huisha kwa mzunguko wa kwanza au wa pili. Ukihifadhi tena, fua mara mbili kwanza na unuse sehemu ya shingo: harufu ya maziwa yaliyochacha ikiwepo, doa lipo hata kama hulioni.

7. Mafuta ya nazi na jeli ya kujipaka yameganda kwenye kola na kofia.

Usianze na maji. Nguo ikiwa kavu, nyunyiza unga wa mahindi juu ya doa bichi, uache unyonye, kisha kung'uta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja, fikicha taratibu, ndipo uweke maji ya uvuguvugu kuelekea moto. Jeli ni ngumu kuliko mafuta ya nazi, kwa hiyo tarajia kurudia.

Doa likiwa na mafuta na maziwa pamoja, na kola ya mtoto aliyepakwa akanyonyeshwa huwa hivyo, suuza maziwa kwanza kwa maji ya baridi.

8. Ndizi, parachichi, embe, uji wa lishe: kipi ni kibaya zaidi?

Ndizi, bila ubishi. Ikiwa mbichi kwenye nguo haionekani, hivyo bibu inatupwa kwenye kapu ikidhaniwa safi. Asubuhi ina alama za kahawia, kwa sababu ndizi huendelea kuwa nyeusi inapokutana na hewa. Suuza papo hapo kwa maji ya baridi, hata kama utafua kesho. Parachichi lina tabia hiyohiyo, na mafuta juu yake. Doa lililokwisha kuwa jeusi lipeleke kwenye unga wa oksijeni kama katika swali la 6.

Utomvu wa mgomba, na wa bibo kwa walioko Mtwara, Lindi na Kilifi, ukishakauka hautoki. Nguo hiyo iwe ya kuchezea. Uji na embe si shida: kwangua, maji ya baridi, sabuni.

9. Nimepaka sabuni doa la manjano (bizari), limekuwa jekundu!

Hujaharibu kitu. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu inapokutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya mche ni hivyo. Suuza, itarudi njano. Kisha anika juani ikiwa mbichi, kwa sababu rangi hii huchujuka upesi kwenye mwanga. Inawapata sana wanaopaka mtoto au mama mzazi msio wenye manjano: kanga, mbeleko na shuka vyote huvaa rangi.

10. Damu?

Maji ya baridi mara moja, na chumvi kidogo kama limeanza kukauka. Sabuni ifuate. Kwa nguo nyeupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa humalizia. Idondoshee, itatoa povu, suuza.

## Madoa ya dawa na vipodozi

11. Dawa ya zambarau ya mdomoni imemwagikia nguo.

GV, yaani hiyo dawa ya zambarau, ni rangi kabla ya kuwa dawa, kwa hiyo maji na sabuni huisambaza tu. Weka kitambaa cheupe kikavu chini ya doa, dondoshea spiriti ya duka la dawa, bonyeza kwa pamba, badilisha kitambaa cha chini kila kinapojaa rangi. Fanya hivyo mbali na jiko na mbali na mtoto, kisha fua. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza upindo wa ndani.

12. Dawa ya maji ya kuongeza damu imeacha alama za kutu, na Jik imezidisha.

Dawa hizo zina madini ya chuma, na Jik huyageuza kutu ya kudumu. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, weka juani kama saa moja huku ukiongeza ndimu ikikauka. Suuza kabisa. Osha na mikono yako, kwa sababu maji ya ndimu kwenye ngozi inayopigwa jua huleta malengelenge na mabaka meusi. Njia hii hufaa pia kwa alama za vifungo vya chuma vilivyoshika kutu.

13. Tulipewa jeli ya kupaka kitovu, vitambaa vimetoka mabaka ya kahawia baada ya kufua.

Bila shaka ni jeli ya klorheksidini, ambayo Kenya huitumia kwa kitovu. Inapokutana na Jik hutengeneza rangi ya kahawia isiyotoka. Kwa muda wote wa kutumia jeli hiyo, vitambaa vyake vifuliwe kwa sabuni tupu.

14. Wanja?

Ni masizi na mafuta: anza na sabuni ya vyombo kwenye nguo kavu (swali la 7). Wanja nyingine za kununuliwa zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto, hivyo tatizo la kushughulikia huko si nguo tu.

## Jik, ndimu, siki na vingine

15. Jik ina ruhusa kwenye nguo za mtoto?

Kwa pamba nyeupe iliyokwisha kufuliwa na kusuuzwa, ndiyo, mara mojamoja. Tanguliza maji kwenye ndoo, mimina Jik kwa kipimo cha chupa, chovya kwa dakika chache, suuza hadi harufu iishe. Sufu, nguo zinazovutika, mipira ya kiunoni na nguo za rangi zisiguswe.

Kuna mambo matatu ya kukataa kabisa. Usiweke Jik kwenye nepi zilizolala na mkojo: mkojo ule una amonia, na vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Usichanganye na siki wala ndimu, maana hutoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Na usinunue Jik ya kupimiwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto anayetambaa haoni tofauti, na mtu mzima mwenye kiu usiku haoni pia.

16. Siki na bekingi soda pamoja si ndiyo dawa ya kila doa?

Povu lake linafurahisha macho, lakini vikikutana huuana: kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja. Bekingi soda hupunguza harufu, siki kidogo kwenye maji ya mwisho huondoa ukakasi wa sabuni.

17. Dawa ya kulainisha nguo?

Iache. Huongeza manukato na hufunika nyuzi, hivyo nepi na taulo hazinyonyi tena.

## Nepi za kitambaa

18. Nepi zifuliwe vipi?

Kinyesi chooni, kwanza. Ile kauli kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara si ya kweli. Hubeba vijidudu kama cha mtu mzima. Suuza nepi kwa maji ya baridi, hata zile za mkojo mtupu, kisha ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukisubiri hadi kesho bila kusuuza, harufu inakuwa kazi ya pili.

Fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza maji matatu, anika juani. Nyeupe za pamba zinaweza kuchemshwa mara kwa mara, lakini baada ya madoa kutoka (swali la 4). Ndoo yenye maji isikae sakafuni bila mfuniko pale penye mtoto anayejikokota: anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana.

19. Nepi ni safi, ila mtoto akikojoa tu zinanuka kali.

Ama sabuni imeganda ndani, ama hazisuuzwi mkojo mapema. Zisuuze kwa maji ya moto bila sabuni mpaka povu liishe. Kama maji yenu ni ya kisima, soma la 24.

## Kuanika na kuhifadhi

20. Ni kweli nguo za mtoto haziachwi nje usiku?

Bibi zetu wana sababu zao na sitaingia humo. Nje ya hizo, ipo ya mdudu. Kuna nzi wa rangi ya njano-kahawia ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Buu akianguliwa huingia kwenye ngozi ya anayeivaa, na baada ya siku chache panavimba kama jipu lenye tundu katikati. Wenyeji wa maeneo yenye joto Uganda, Kongo, Tanzania na pwani ya Kenya wanamjua.

Anika juu ya kamba, juani, anua kabla ya umande. Piga pasi ya moto pande zote mbili, na usiruke mishono, mikunjo na nepi. Pasi ndiyo kinga hasa.

21. Masika nguo hazikauki, zinanuka uvundo.

Fua chache kila siku badala ya rundo la Jumamosi. Kamua ndani ya taulo kavu, tundika kwa nafasi mbele ya dirisha au feni, malizia na pasi. Usikaushe kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu usingizini. Nguo iliyoshika koga, ikiwa nyeupe nenda swali la 15, ikiwa ya rangi la 6.

22. Niweke nafthalini kwenye sanduku la nguo za mtoto?

Usiweke. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vile vidonge vyeupe vinauzwa kila kona na havionekani kama hatari. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD akivaa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu huweza kuvunjika, akapata umanjano mkali wa macho na ngozi na upungufu wa damu. Upungufu huo umeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria, yaani kwetu, na wengi wenye nao hawajui.

Karafuu maiti pia iwekwe mbali. Mtoto akiimeza inaweza kumtia degedege. Nguo safi na kavu ndani ya mfuko uliofungwa zinatosha. Ukirithi nguo zenye harufu ya nafthalini, fua na anika siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa kabla ya kumvalisha.

## Hali za pekee

23. Mitumba ya mtoto nianze nayo wapi?

Kagua kabla ya kulipa: vifungo vilivyolegea na nyuzi za ndani ya soksi, ambazo huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, fua mara mbili, anika juani, piga pasi. Mabaka ya shingoni ni yale ya swali la 6.

24. Maji yetu ni ya kisima, sabuni haitoi povu na nyeupe zinageuka kijivu.

Maji hayo yana madini yanayoshikana na sabuni ya mche na kuacha utando kwenye kitambaa. Tumia sabuni ya unga, inayostahimili zaidi. Maji ya mwisho weka siki kidogo, au hifadhi maji ya mvua kwa kusuuzia. Weupe ukigeuka wa kutu, kisima kina chuma: Jik marufuku, fuata la 12.

25. Mtoto anaharisha. Kuna tofauti?

Ndoo yake iwe peke yake. Suuza kwa maji ya baridi na maji hayo yamwagwe chooni, si uani ambako kuku na watoto wengine wanapita. Kisha fua kwa maji ya moto, chemsha zinazochemshika, na nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kushika nguo na kabla ya kumlisha. Anza na mtoto mwenyewe lakini: ORS na kituo cha afya, kapu la nguo litasubiri.

26. Kanga mpya imechuja rangi kwenye nguo zote nyeupe za mtoto.

Usizikaushe. Zirudishe kwenye maji zikiwa mbichi, na unga wa oksijeni, usiku mzima; rangi ambayo haijakauka hutoka kwa urahisi. Kanga yenyewe ifue peke yake mpaka maji yawe maangavu. Chumvi inayotiwa ili "kushika rangi" haishiki mengi. Kufua mara kadhaa ndiko kunakomaliza rangi ya ziada. Ukitaka kuikata nepi, chagua ya zamani, iliyokwisha kufubaa: hunyonya vizuri na haina rangi ya kutoa tena.